Kitenzi Alichokipenda Mwalimu Zefania

Usiku ule nilijilaza sebuleni kwa marehemu, kwenye jamvi, katikati ya wanaume wawili waliokoroma kwa kupokezana kama waliopangiana zamu. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati tangu siku tuliyomzika Mwalimu Zefania, na masikio yetu yalikuwa yameizoea kiasi kwamba hatukuisikia tena, tulisikia tu pale ilipopungua. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Nikila makande mengi usiku huota nakimbizwa na ng'ombe, na hapo ndipo uotaji wangu unapoishia. Hii ni nyingine. Nimeisimulia kwa watu wachache, maana wengi huanza kutabasamu kabla sijafika mbali, na mimi nina hasira za karibu.

Mwalimu Zefania alinifundisha Kiyunani cha kale kwenye chuo cha wachungaji kilicho bondeni, chini ya kijiji chetu. Alipostaafu mimi ndiye niliyeachiwa somo lake, na mpaka leo naingia darasani na woga ule ule niliokuwa nao nikiwa mwanafunzi wake. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sweta la kijani lililochanika kiwikoni, na sauti ya chini iliyokulazimisha usogee karibu ili usikie. Katika vitenzi vyote vya lugha ile kimoja alikipenda kuliko wajukuu wake. Mkewe, Mama Niwaeli, ndiye aliyekuwa akisema hivyo mbele za wageni, na Mwalimu hakuwahi kukanusha.

Kitenzi chenyewe ni oida. Ukikitafuta kwenye kamusi utaambiwa maana yake ni najua, na ungeweza kufunga kamusi ukaenda zako. Mwalimu hakuturuhusu twende zetu. Alituambia kwamba hicho ni kitenzi kilema kinachotembea vizuri kuliko wazima: umbo lake ni la tendo lililokwisha kutendeka, lakini maana yake ni ya sasa hivi, na mzizi wake unatoka kwenye kuona. "Myunani akisema najua," alisema, "kwa kweli anasema nimeona. Jicho limeshamaliza kazi yake, ndiyo maana kichwa kinajua." Kisha akafurahi, kwa sababu mfano aliupata nyumbani. "Mkisema Zefania amesimama, alisimama lini? Yuko wima hapa hapa mbele yenu, anawapotezea muda. Sisi jambo hili tunalo mdomoni tangu utotoni."

Basi kitenzi hicho kilimwingia damuni kikawa ugonjwa. Mwanafunzi akisema "najua, Mwalimu," yeye huuliza: "Umeona nini?" Dukani, mwenye duka akisema anajua sukari itapanda, huulizwa: "Umeona nini?" Siku moja kwenye baraza la kanisa mzee mmoja alisimama akasema anajua kabisa kwamba mpiga kinanda analewa. Mwalimu akanyoosha kidole taratibu na kuuliza swali lake, mzee akaketi, na mpiga kinanda akaendelea kupiga kinanda mpaka leo. Sisi wanafunzi tulimpachika jina la Umeonanini. Alilijua, na nadhani lilimpendeza.

Lakini kulikuwa na umbo moja la kitenzi hicho ambalo alilichukia. Ni la wakati uliopita, edein, nilijua. Alilifundisha haraka haraka akiwa amegeukia dirishani, akalifuta ubaoni kabla hatujamaliza kuliandika. Nilipomuuliza sababu, aliniambia kwamba hilo ni neno la watu wanaorudi kutoka makaburini. "Hukosi kulisikia kwenye msiba wowote," alisema. "Mtu anakula wali wa watu na kusema, mimi nilijua. Alipojua alikuwa wapi?"

Sasa nieleze hali ilivyokuwa pale msibani, kwa sababu bila hiyo ndoto haina miguu. Kwetu huku milimani, mume akifa, mjane huketi chumba cha ndani karibu na moto wa msiba, na havuki kizingiti cha nyumba mpaka matanga yaanuliwe. Ila akitaka kwenda uani kujisaidia hufunikwa kanga gubigubi na kusindikizwa na wanawake wawili, naye hageuki nyuma kuangalia wala hasemi na mtu. Anayesimamia yote hayo ni dada wa marehemu. Kwa Mwalimu, dada huyo ni Shangazi Nakijwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, ambaye sisi sote, hata tusio ndugu, tunamwogopa na kumpenda.

Nyumba ya Mwalimu ilikaa juu ya tuta lililochongwa kwenye ubavu wa mlima. Nyuma yake kulikuwa na migomba, juu ya migomba shamba la tangawizi, na juu ya tangawizi mlima wenyewe, ambao kwa ukungu wa siku zile hatukuuona. Kaburi lake tulilichimba pembeni mwa nyumba, karibu na dirisha la chumba cha kulala, kama alivyotaka mwenyewe.

Usiku uliofuata mazishi, mlango wa mbele ukagongwa. Ngo. Kimya kirefu. Ngo. Mtu akafungua, hapakuwa na mtu. Asubuhi mlango ule ule ukawa unakwaruza sakafu na haufungiki mpaka usukumwe kwa bega. Usiku mwingine vikombe kabatini vilianza kugongana vyenyewe, pole pole, kama meno ya mtu mwenye baridi. Sakafu ya saruji ikapasuka chini ya meza ambayo Mwalimu alikuwa akisahihishia. Maji ya chemchemi ya nyuma ya nyumba, ambayo wageni waliyasifu kila mwaka, yakaja na rangi ya chai ya maziwa.

Wote pale tulikubaliana ni nani anayefanya hayo. Mwalimu hajatulia. "Mtu aliyesoma vile," alisema Shangazi, "utamlaza udongoni bila yeye kuuliza swali?" Watu wakacheka kidogo, kwa heshima. Tangu hapo kila jioni Shangazi alipakua sahani ya makande, ya moto, akaiweka nje ya mlango wa mbele. Fimbo ya marehemu ikaegemezwa ukutani ili aikute. Kwaya ilikuja ikaimba nyimbo alizozipenda, na usiku huo aligonga zaidi, watu wakasema ameridhika. Mimi nilijitia msomi. Nilisema mlango ni wa mbao na mbao huvimba kwa mvua, na maji hubadilika rangi masika. Kila mtu alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyepanda nyuma ya nyumba.

Hivyo ndivyo tulivyolala.

Nilipofumba macho sikuwa sebuleni tena. Nilikuwa darasani bondeni, benchi la nyuma, magoti yangu yamebanwa na meza kama zamani. Mvua ilikuwa inanyesha mle ndani. Iliteremka kutoka darini, nyembamba na ya baridi, ikalowesha meza zote na mabega yangu, ila ubao ulikuwa mkavu. Nilijua namsubiri nani. Nilijua pia kwamba amekufa, kwani mimi mwenyewe nilishika kamba moja ya jeneza lake, na viganja vilikuwa bado vinaniuma.

Akaingia. Sweta lake la kijani lilikuwa na udongo mabegani, naye alikuwa akiupangusa kwa vidole, pole pole, namna alivyokuwa akipangusa vumbi la chaki. Nikasimama. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Katika maisha yake yote hakuna mtoto wala mlevi aliyemwamkia akakosa kuitikiwa. Hapo ndipo hofu iliponishika.

Akageukia ubao, anaandika. Chaki inagonga ubao kwa kila herufi. Ngo. Ngo. Oida. Anashusha mkono na kunitazama, nami nasoma kwa sauti, oida, najua, na sauti yangu inatoka ya kitoto.

"Umeona nini?"

Natafuta jibu. Namwambia nimeona mvua. Anatikisa kichwa. Namwambia nimeona mlango, mlango umevimba. Anatikisa kichwa tena, na safari hii ananitazama kwa huzuni, kama mtu anayemtazama mwanawe akianguka mtihani ambao baba mwenyewe ameutunga. Anaandika umbo la pili, oidas, wewe unajua, na chaki inagonga, nami nageuka kuona huyo wewe ni nani, na nyuma yangu hakuna benchi wala ukuta.

Ni jikoni kwake. Shangazi Nakijwa amepiga magoti mbele ya sufuria, anapakua makande. Anajaza sahani, anainuka, anaipeleka mlangoni, anarudi, anajaza nyingine. Hanioni. Mlango uko wazi na nje yake sahani zimepangana moja juu ya nyingine, zinapanda mpaka zimeziba anga, chakula kimepoa, kimeota ukungu mweupe, hakuna hata punje moja iliyoguswa. Mwalimu yuko kando yangu anaziangalia. Uso wake una aibu, ile aibu ya mgeni aliyeandaliwa karamu nyumba ambayo hakufika.

"Wanakukaribisha," namwambia.

Anatoka kwa mlango wa jikoni, nami namfuata, kwa sababu mwalimu akitoka mwanafunzi hutoka. Tunapita kaburi lake. Mashada bado yapo, maua yamelowa, msalaba umeinama. Halitazami. Anapita kama mtu anavyopita kitanda alichokwisha kutandika. Nilikuwa nimedhani ndiko tunakokwenda, kumbe siko.

Anapanda. Migomba imeinama yote upande mmoja, kuelekea nyumba, majani yake yanagusa paa, na kati ya shina na shina kuna kitu kinatembea ambacho si upepo. Tunafika kwenye tangawizi. Hapa naona matuta ambayo Mama Niwaeli aliyanyoosha kwa kamba, yamepinda kama nyoka. Ninapokanyaga, udongo unacheza chini ya wayo. Yeye hatelezi. Nataka kumwambia turudi, Mwalimu, nguo zangu zimelowa, na najua namna ninavyosikika, maana ndivyo nilivyokuwa nikiomba ruhusa darasani.

Anasimama, anainama. Anashika ardhi kwa mikono miwili na kuifunua, taratibu, kama mama anavyofunua kanga kumwangalia mtoto aliyelala. Chini yake ni giza. Giza lina maji ndani, yanasikika yakitembea, mengi, yanatafuta pa kutokea, na katikati ya maji hayo jiwe kubwa linasogea, linagota jingine, linatulia.

Ngo.

Nalisikia kwa miguu kabla ya masikio. Nageuka kutazama nyumba chini yetu na naona taa ya chumba cha ndani inawaka. Jiwe linasogea tena. Ngo. Kule chini mlango wa mbele unatikisika.

Mwalimu anainua uso. Mvua inapita ndani ya macho yake bila kuyafumbisha.

"Si mimi ninayegonga," anasema.

Nikataka kukimbia, na nilikimbia, lakini miguu ilinirudisha darasani. Mabenchi yamejaa. Ni wafiwa wote: wale wanaume wawili wanaokoroma, majirani wa chini na watoto wao, wanakwaya na sare zao, Shangazi na mwiko wake. Wameketi kimya, mikono juu ya meza. Ubaoni imeandikwa oidamen, sisi tunajua, na Mwalimu ananyoosha fimbo kwenye neno hilo ili darasa lisome kwa pamoja. Hakuna mdomo unaofunguka. Anagonga ubao tena kwa fimbo. Kimya. Udongo unaingia chini ya mlango, laini, wa rangi ya chai ya maziwa, unapita katikati ya miguu ya watu, nao wanainua miguu kidogo kama wanavyofanya mtu akipita anapiga deki.

Mama Niwaeli yuko benchi la mbele. Amefunikwa kanga nyeusi mpaka usoni. Udongo umemfika vifundoni naye hainui miguu. Umemfika magotini. Namwita. Najua kwa nini hatoki, sote tunajua, matanga hayajaanuliwa, na hakuna hata mmoja kati yetu atakayemwambia inuka. Namwita tena na sauti haitoki. Udongo umefika mapajani, unapanda kwenye kanga, na kanga inageuka kuwa nzito, inamvuta mabega chini.

Mwalimu amegeukia dirishani. Bila kutazama ubao, anaanza kuandika lile umbo alilolichukia. Naona herufi ya kwanza. Naona ya pili. Ninajua kabisa kwamba akilimaliza neno lile hakuna mkono utakaolifuta, nami nitazeeka nikilisema kwenye misiba ya watu na wali mdomoni. Narukia meza, napita juu ya meza za watu, namshika mkono.

Ulikuwa wa baridi na laini, kama chungu ambacho hakijachomwa.

"Usiandike, Mwalimu," nikamwambia. Nilikuwa nalia. "Usiliandike hilo."

Alinitazama kwa karibu sana. Akaachia chaki ikaanguka.

"Basi mtoe mama."

Nikaamka.

Mvua ilikuwa imekatika. Sijapata kusikia kimya kama kile, hata wakoromaji walikuwa wameshusha pumzi. Nikalala vile vile chali, nikisubiri moyo urudi mahali pake, nikijiambia kwamba ni makande. Ndipo likaja. Ngo. Halikutoka mlangoni. Lilitoka chini ya mgongo wangu, chini ya jamvi na saruji, na lilikuwa na uzito ambao kiganja cha mtu hakina.

Nilichukua tochi. Mlango wa mbele ulikataa kabisa, bega langu halikuufaa kitu, kwa hiyo nikatokea jikoni. Nilimulika upande wa mbele, sahani ya Shangazi ilikuwa pale pale ilipowekwa. Nilipanda nyuma ya nyumba nikishika migomba, na migomba ilikuwa imelala. Sikufika mbali. Katikati ya tangawizi tochi ilionyesha mstari mweusi unaokwenda kushoto na kulia mpaka mwanga ukaisha. Nikaingiza mguu. Ulizama mpaka gotini, na huko chini maji yalikuwa yanapita.

Nilishuka kwa makalio, sioni aibu kusema.

Pazia la chumba cha ndani halivukwi na mwanamume wakati wa msiba. Nikasimama mbele yake, matope mwili mzima, nikapiga hodi.

"Nani huyo?" Sauti ya Shangazi haikuwa na usingizi.

"Mimi, Mbonea. Shangazi, amkeni. Tutoke humu ndani, wote, sasa hivi."

"Tutoke twende wapi na usiku huu?"

"Kanisani. Mlima umepasuka nyuma ya nyumba. Nimeingiza mguu mpaka gotini."

Pazia likafunguka kiasi cha jicho moja. Lilinitazama kutoka utosini mpaka miguuni. "Basi nyie wanaume nendeni. Waamshe na majirani. Wifi yangu hatoki. Mjane akivuka kizingiti kabla ya wakati amemfukuza mumewe, unalijua hilo kama mimi. Na mwenyewe yuko hapa hapa, humsikii? Aje akute nyumba tupu?"

Kama kumjibu, likagonga. Vikombe vikaitikia kabatini. Nikaona kwamba ningeweza kumweleza habari za ufa mpaka kunakucha, na kila nitakachosema kitageuzwa kuwa kazi ya marehemu. Sikuwa na kingine ila ndoto.

"Shangazi," nikasema, "Mwalimu amenijia usingizini."

Jicho likaacha kupepesa. "Amesema nini?"

"Amesema si yeye anayegonga. Na amesema mama atolewe."

Wale wanaume walikuwa wameshaamka, wamesimama nyuma yangu na mablanketi yao, hakuna aliyethubutu kukohoa. Kisha kutoka ndani kabisa, karibu na moto, ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi.

"Amesema hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo hayo, Mama."

"Nakijwa," akasema, "nipe kanga yangu nyingine."

"Wifi!"

"Nipe kanga. Matanga haya ni yake. Kama yeye amesema nitoke, wewe unamkalia nani?"

Tulitokea jikoni, mmoja mmoja. Shangazi alibeba makaa ya moto wa msiba kwenye kigae, akinung'unika njia nzima kwamba moto hauachwi, hauachwi, hata kama watu wamerukwa na akili. Tuliwagongea majirani wa chini, nao kwanza hawakufungua, maana siku zile hakuna aliyefungua mlango ukigongwa usiku. Ilibidi Shangazi atumie ile sauti yake. Tukapanda upande wa pili wa bonde, watoto wamebebwa migongoni, Mama Niwaeli katikati amefunikwa, mimi nimemshika mkono, na mkono wake ulikuwa na joto.

Mlima ulishuka tukiwa kwenye baraza la kanisa. Haukutoa kishindo kama watu wanavyodhani. Ilikuwa kama mtu anavuta kitanda kizito chumba cha pili, anakivuta, anakivuta, hakifiki. Taa tuliyoiacha inawaka dirishani ilisogea kidogo kando, ikazimika. Halafu harufu ya tangawizi ikavuka bonde ikatufikia, kali, kana kwamba dunia nzima imetwangwa, na watoto wakaanza kupiga chafya.

Kulipopambazuka hatukuona nyumba wala migomba wala pale tulipochimba kaburi. Mtu mmoja alikuwa amefunga mbuzi wake karibu na njia na alimpoteza. Watu wote walikuwa hai. Wakaanza kuja kunishika mkono, wengine kwa mikono miwili kama wanavyomshika mchungaji, jambo lililoniudhi sana, na Shangazi Nakijwa alikuwa ameshaanza kuisimulia ndoto yangu vizuri kuliko mimi. Katika ndoto yake Mwalimu alikuwa amevaa nyeupe na alimtaja dada yake kwa jina.

Mama Niwaeli alikuwa ndani ya kanisa, benchi la pembeni, ameelekea ukutani. Aliniita.

"Keti, mwanangu," akasema. Nikaketi. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la kanga. "Nilikuwa namwitikia."

Sikumwelewa.

"Kila alipogonga. Nakijwa akishalala nilimwitikia taratibu. Nilimwambia nani amekuja na nani hajaja. Nilimwambia mwanetu Niwaeli yuko njiani. Jana alivyogonga sana nilijua ana hamu na habari, nikamwambia zote." Akageuka kunitazama, na nikatamani asingegeuka. "Hata ile ya jana, Mbonea? Haikuwa yeye?"

Ningeweza kumpa moja. Ngo moja tu ya usiku mmoja, nani angenipinga, Mwalimu mwenyewe? Nilifungua mdomo nimpe. Lakini nilikuwa nimesimama kwenye ule ufa, na mguu wangu ulikuwa bado na matope yake mpaka gotini, na yeye alikuwa anayatazama.

"Hata ile ya jana, Mama," nikasema. "Hata moja."

Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Tangu siku ya mazishi hakuwa ametoa chozi, na sote tulimsifu, tulisema mama huyu ana imani. Sasa akavua kanga kichwani, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mapaja, na kisha akapiga ukelele ambao uliwanyamazisha watu wote kule nje, Shangazi na simulizi yake, watoto, hata wale waliokuwa wameanza kuimba. Alilia kwa sauti, akimwita mumewe kwa jina lake la ujana ambalo sisi hatukulijua, kama mwanamke aliyeletewa habari za kifo asubuhi ile.